Baji: nunua ndege kwanza, rangi baadaye

Leo naomba niweke kuku na mbuzi pembeni kidogo. Kwa muda sasa wasomaji wangu wa mjini wananiuliza swali moja kwa namna mbili. Wa kwanza anasema: "Bwana mifugo, mtoto anataka wale kasuku wadogo wa kwenye tundu, nimchukulie wa rangi gani?" Wa pili anasema: "Bwana mifugo, rangi gani inalipa, nianze kuzalisha?"

Jibu langu kwa wote wawili ni moja. Rangi ndiyo kitu cha mwisho kuangalia. Ukianza na rangi, una nafasi kubwa ya kurudi nyumbani na ndege mgonjwa, mzee, au wa jinsia usiyoitaka, tena kwa bei ya juu kuliko aliyekuwa mzima kwenye tundu lilelile. Najua baadhi ya wauzaji hawatanipenda kwa hili. Lakini kazi ya ugani ni kumlinda anayetoa pesa yake, sio kupamba tundu la mtu.

Baji ni ndege gani hasa

Tuelewane kwanza, maana sokoni majina yamechanganyika. Baji ni kasuku mdogo wa asili ya Australia. Kule anaishi porini kwenye maeneo makavu, kwa makundi makubwa, anahama kufuata maji na mbegu za nyasi. Ana mkia mrefu, mdomo mdogo uliojificha kwenye manyoya ya uso, na mistari myeusi kama mawimbi kichwani na mgongoni. Wa kawaida ana urefu wa sentimita 18 hivi na uzito wa gramu 30 mpaka 40. Yaani kilo moja ni baji ishirini na tano na zaidi.

Porini ana rangi moja tu: mwili wa kijani, uso wa njano, mistari myeusi. Akitua kwenye majani humwoni. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould alirudi Uingereza akiwa na baji walio hai, na kuanzia hapo Wazungu wakaanza kuwazalisha kwenye matundu. Miaka ya 1870 wakatokea wa njano, na karibu na 1880 wakatokea wa bluu kule Ubelgiji. Hizi rangi zote unazoziona leo, nyeupe, kijivu, zambarau, madoadoa, zimetokana na mabadiliko ya vinasaba ambayo watu waliyachagua na kuyaendeleza. Ndege ni yuleyule.

Nasisitiza hilo kwa sababu nimewahi kusikia mteja anaambiwa kwamba wa bluu ni "aina ya Ulaya" na ndiyo maana ana akili kuliko wa kijani. Hakuna kitu kama hicho. Wa bluu na wa kijani wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, wametoka kiota kimoja.

Rangi inatengenezwaje

Hili ukilielewa hutadanganywa tena, na wala sio gumu. Kwenye unyoya wa baji kuna mambo mawili. La kwanza ni rangi ya njano. La pili ni chembechembe nyeusi, ambazo pamoja na muundo wa unyoya wenyewe zinafanya mwanga urudi ukiwa wa bluu. Njano juu ya bluu, unapata kijani.

Sasa piga hesabu. Ondoa njano, anabaki wa bluu. Ondoa chembe nyeusi, anabaki wa njano tupu mwenye macho mekundu, ambaye wafugaji wanamwita lutino. Ondoa vyote viwili, anabaki mweupe mwenye macho mekundu, yaani albino. Halafu kuna vinasaba vingine vinavyokoza rangi: kijani cha kawaida kinakuwa kijani kizito, kisha rangi ya zeituni, na bluu ya anga inakuwa bluu iliyoiva, kisha zambarau ya kijivu. Kuna vinavyoweka mabaka, na kuna vinavyogeuza mpangilio wa mistari ya mbawani. Majina ni mengi, lakini msingi ni huo.

Je, rangi inamfanya ndege aongee zaidi? Hapana. Inamfanya awe mpole? Hapana. Upole unatokana na umri aliochukuliwa na namna alivyoshikwa. Mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji anajua kwamba tetea mweusi na tetea wa madoa wanaweza kutaga sawasawa. Kuku mweupe anaweza kupanda bei siku ambayo mganga amemtuma mtu kumtafuta, lakini bei ile haijaongeza hata yai moja. Kwa baji ni hivyohivyo.

Tofauti ya kweli: umbo

Kama unataka kujua aina za baji, tofauti yenye maana sio rangi, ni umbo. Kuna baji wa kawaida, mwembamba, mwepesi, ndiye mnayemwona kwenye maduka mengi. Halafu kuna baji wa maonyesho, wengi wanamwita wa Kiingereza, kwa sababu alikuzwa na wafugaji wa Uingereza ambao walianzisha chama chao mwaka 1925 na kushindanisha ndege kwa vigezo. Huyu ni mkubwa zaidi, kichwa kipana, manyoya ya paji la uso yamejaa mpaka macho hayaonekani vizuri.

Wa Kiingereza anapendeza, na mara nyingi ni mtulivu. Lakini kwa miaka mingi amechaguliwa kwa ukubwa na manyoya, kwa hiyo kwa kawaida maisha yake ni mafupi kuliko ya yule wa kawaida. Ni kwenye ukoo huu wa maonyesho pia ndipo hutokea kifaranga ambaye manyoya yake hayaachi kurefuka, anageuka kama brashi ya kufutia vumbi, hawezi kuruka, na hufa mapema.

Baji wa kawaida aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 5 mpaka 10. Kwa mtoto anayefuga mara ya kwanza, na kwa nyumba zetu zenye joto, ushauri wangu ni wa kawaida. Ni mgumu zaidi, bei yake ni ya chini, na huko kwenye sauti na kujifunza maneno hana upungufu wowote. Kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kuna baji dume wa California aliyeitwa Puck, aliyefariki 1994, akiwa na msamiati wa maneno 1,728. Baji wako huenda asifike hata maneno kumi, na wengi hawaongei kabisa. Lakini uwezo wapo nao, na haukai kwenye rangi.

Pale rangi inapokuficha jambo

Hapa ndipo naomba usome taratibu, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika. Rangi haibadilishi tabia ya ndege, lakini inaweza kukuzuia usione unachotakiwa kuona. Na rangi zinazokuzuia ndizo hizohizo zenye bei.

Chukua umri. Kwa mtu anayetaka ndege wa kuzoea mkono, bora apate kinda wa wiki sita mpaka nane hivi, aliyeanza kula mwenyewe. Unamtambuaje? Mistari myeusi ya kichwani inashuka mpaka pale juu ya pua, na macho yote ni meusi. Akifika miezi mitatu minne anabadilisha manyoya, mistari ya paji inaondoka, anabaki na paji safi. Baada ya hapo duara jeupe linaanza kujitokeza machoni, na linazidi kuwa wazi anavyokua. Kwa hiyo kwa baji wa kijani au wa bluu wa kawaida, dakika mbili zinatosha kumjua mtoto na mzee.

Sasa mlete lutino au albino. Mistari haionekani kabisa, kwa sababu chembe nyeusi hazipo. Kuna na wale wa mabaka wa Kidenishi, ambao macho yao yanabaki meusi mpaka uzeeni bila lile duara. Muuzaji akikwambia "huyu ni kinda", utathibitishaje? Unabaki na neno lake tu.

Chukua jinsia. Ile nyama laini juu ya mdomo, yenye matundu ya pua, kwa dume mkubwa inakuwa ya bluu, kwa jike mkubwa ni ya kahawia, au nyeupe yenye ubluu hafifu akiwa hayupo kwenye kipindi cha kutaga. Kwa vifaranga inageuka: dume anakuwa na rangi ya waridi inayoelekea zambarau, imeenea sawasawa, na jike anakuwa na bluu iliyopauka yenye duara jeupe kuzunguka matundu. Watu wengi wanaona ubluu kidogo kwa kinda, wanasema "dume huyo", kumbe ni jike. Usibebwe na bluu ile. Tafuta duara jeupe.

Na hapo tena lutino, albino, na wale wa mabaka wa Kidenishi wanakuchanganya. Madume wao wanaweza kubaki na pua ya waridi au zambarau maisha yote. Mtu asiyejua ananunua "jozi" ya njano, anaweka sanduku la kutagia, anangoja miezi sita, hakuna yai. Ni madume wawili. Au ni majike wawili, na hao hugombana vibaya, anayeumia akiwa hana pa kukimbilia.

Kitu kingine cha pua: dume mkubwa aliyekuwa na pua ya bluu kisha ikaanza kugeuka kahawia sio "ameiva". Mara nyingi ni dalili ya uvimbe kwenye korodani, ambazo kwa ndege ziko ndani ya mwili. Huyo usimnunue hata kwa punguzo.

Mambo ya kuangalia kabla hujataja rangi

Nenda dukani asubuhi au jioni, wakati ndege wamechangamka. Simama mbali kidogo kwanza, usisogee. Ndege wadogo huficha ugonjwa. Ukisogea ghafla hata mgonjwa anajikaza. Kaa dakika kumi ukiangalia, kisha pitia haya:

1. Mkao. Mzima anatembea, anakula, anapiga kelele, anajichokonoa manyoya. Aliyejikunyata amevimbisha manyoya mchana wa joto, anasinzia kwa miguu yote miwili, ni mgonjwa. Usimwonee huruma ukamnunua kwa lengo la kumwokoa.

2. Pumzi. Akiwa ametulia, mkia usipige juu na chini kila anapovuta hewa. Na usisikie mluzi.

3. Macho, pua na mdomo. Viwe vikavu, bila ute wala utando. Ukiona ukoko mweupe kama sponji kwenye kona za mdomo, kwenye pua au miguuni, hao ni utitiri wa ngozi. Wanatibika, ila wamekwishaenea kwenye tundu zima.

4. Sehemu ya haja. Safi na kavu. Kinyesi cha kawaida kina sehemu nyeusi au ya kijani na sehemu nyeupe. Cha maji matupu mfululizo ni tatizo.

5. Kifua. Mwombe muuzaji amshike, pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari, kama unavyompima kuku mnadani. Ukikuta mfupa mkali kama kisu, amekonda. Manyoya yanaficha sana wembamba, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi.

6. Mbawa na mkia. Kinda aliyekosa manyoya marefu ya mbawani na mkiani, akawa anakimbia chini badala ya kuruka, mara nyingi ana ugonjwa wa virusi. Ataambiwa ni "mtoto bado". Kinda wa kuuzwa anatakiwa awe ameshaota manyoya hayo.

7. Tundu lenyewe. Angalia na wenzake. Ukikuta mmoja mgonjwa pale ndani, hata yule mzima usichukue siku hiyo. Maji yakiwa machafu na kinyesi kimejaa kwenye chakula, nenda duka lingine.

Ndege akipita mambo yote saba, sasa mwambie mtoto achague rangi. Mimi sipingi rangi jamani. Mtoto akimpenda wa bluu, na wa bluu ni mzima, mchukulie wa bluu, atamtunza kwa moyo. Ninachopinga ni kuanza mwisho.

Kwa wanaotaka biashara ya rangi

Sasa nije kwa ndugu zangu wa swali la pili. Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 na 2014, kwetu na kwa majirani zetu Kenya, kila mtu alikuwa na kware. Mayai yalisifiwa kwamba yanatibu kila kitu, watu wakakopa, wakajenga mabanda, walionufaika wakawa wauza vifaranga. Ghafla mayai yakakosa mnunuzi. Baji wa rangi wana historia hiyohiyo, ila ya zamani zaidi. Miaka ya 1920 baji wa bluu walitafutwa sana Japani, wafugaji wa Ulaya wakauza kwa bei za ajabu, wengine wakaingia kwenye ufugaji kwa sababu hiyo tu. Soko lile lilipofunga, bei zikaanguka, na bluu ikawa rangi ya kawaida tu.

Sababu iko wazi. Baji jike anataga mayai manne mpaka sita hivi, anaatamia siku 18, na kinda anatoka kwenye sanduku baada ya mwezi mmoja na kitu. Rangi ambayo leo ni adimu mtaani kwako, wakiipata watu watano tu, baada ya miaka miwili imejaa. Unayemuuzia jozi leo ndiye mshindani wako kesho. Kwa kuku angalau asiyenunuliwa analiwa.

Halafu kuna suala la urithi. Wa kijani ana nguvu juu ya bluu. Ukimpandisha wa kijani halisi na wa bluu, vifaranga wote watakuwa kijani, wamebeba bluu ndani bila kuonekana. Ukipandisha hao waliobeba wenyewe kwa wenyewe, kwa wastani kati ya wanne unapata mmoja wa bluu. Kwa lutino mambo yanakwenda na jinsia: dume lutino na jike wa kijani wa kawaida, majike wote wanatoka njano na madume wote wanatoka kijani. Geuza, dume wa kijani asiyebeba kitu na jike lutino, hupati wa njano hata mmoja. Mtu aliyeuziwa jike wa njano akaambiwa "huyu atakuzalia njano tupu" ameuziwa maneno.

Asiyejua hesabu hiyo, akitaka rangi haraka, anafanya nini? Anapandisha kaka na dada, baba na binti. Hapo ndipo inaniuma. Ni lilelile ninalopigia kelele vijijini, jogoo mmoja kukaa bandani miaka minne akipanda mabinti na wajukuu zake mpaka vifaranga wanadumaa na mayai hayaanguliwi. Kwa baji unapata rangi nzuri kwenye ndege dhaifu. Na ndege dhaifu huyo ndiye anayepelekwa kwa mtoto, ambaye baada ya wiki tatu anamkuta amelala chini ya tundu miguu juu. Muuzaji keshakula pesa. Mtoto anaambiwa "kasuku hawa hawaishi sana". Sio kweli, wanaishi.

Ushauri wangu: ukitaka kuzalisha, anza na jozi chache za kijani na bluu za kawaida zisizo na undugu, ndege waliotimiza mwaka mmoja. Wavishe pete miguuni, andika daftari la nani kazaa na nani. Usizidishe matoleo mawili kwa mwaka kwa kila jozi. Ichukulie kama burudani inayojilipia chakula. Mkopo usichukue.

Wa porini waacheni

Kuna kijambo kingine. Mara nyingine anayeuzwa kama "baji wa rangi kali" sio baji. Ni wale kasuku wadogo wa kwetu, wengi wanawaita lavubadi: mwili wa kijani, mkia mfupi, mdomo mnene mwekundu. Mmoja ana uso wa rangi ya chungwa, asili yake ni kaskazini mwa Tanzania kuelekea Serengeti. Mwingine ana kichwa cheusi na kola ya njano, wa maeneo ya katikati na kaskazini. Miaka ya 1980 walinaswa kwa wingi sana kwenda nje ya nchi, idadi yao porini ikashuka.

Hao ni wanyamapori, wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kukamata au kumiliki bila kibali ni kosa. Kwa baji hali ni tofauti: ni miongoni mwa kasuku wachache sana ambao mkataba wa kimataifa wa CITES haujawaweka kwenye orodha zake, kwa kuwa wamezoea kuzalishwa kwenye matundu. Kwa hiyo tazama mkia na mdomo kabla ya kutoa pesa. Mkia mfupi na mdomo mwekundu, uliza karatasi. Hakuna karatasi, ondoka.

Ukishamnunua

Kwa kifupi, maana hii ni mada ya siku nyingine. Mtenge na kuku wako na ndege wengine kwa siku 30. Mdondo, yaani kideri, unaweza kushika kasuku pia, na ugonjwa hautofautishi ndege wa burudani na wa mboga. Kuku wako waendelee na chanjo kama kawaida, na usitoke kwenye tundu ukaingia bandani bila kunawa.

Chakula kiwe uwele, ulezi na mtama mdogomdogo, lakini sio nafaka peke yake mwaka mzima. Nafaka tupu inamnenepesha na kumkosesha vitamini A. Ongeza mchicha na karoti iliyoparwa. Parachichi ni sumu kwake, usimpe hata kidogo. Mtundikie mfupa wa dome, ule mweupe unaookotwa ufukweni, apate madini ya chokaa.

Usimweke jikoni. Moshi wa mkaa, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, na hasa mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi, vinaweza kumuua kwa dakika chache. Tundu liwe pana kuliko refu, maana baji huruka kwenda mbele, sio kupanda juu kama helikopta. Na safisha kinyesi kikiwa kibichi au kilowanishe kwanza, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba bakteria wanaosababisha homa na kikohozi kikavu kwa binadamu. Ukiumwa hivyo, mwambie daktari kwamba unafuga ndege.

Ni ndege wa kundi. Mmoja peke yake anahitaji mtu wa kukaa naye kila siku. Kama nyumba inabaki tupu mchana kutwa, chukua wawili. Madume wawili huelewana vizuri na hayakuletei mayai usiyoyapanga.

Msimamo wangu

Nimalizie hivi. Soko linamfuata mnunuzi. Tukiingia dukani tukiuliza "una wa zambarau?", muuzaji atatafuta zambarau kwa njia yoyote, hata kwa kupandisha ndugu. Tukiingia tukiuliza "huyu ana wiki ngapi, wazazi wake wako wapi, nishikie nipime kidari", atajifunza kutunza ndege, kwa sababu hicho ndicho kitakachouzika. Hakuna sheria itakayolifanya hili kwa niaba yetu. Ni maswali yetu pale kaunta.

Kwa hiyo mzazi, usimwahidi mtoto rangi kabla hamjatoka nyumbani. Mwahidi ndege mzima, halafu mkifika dukani mwache asimame na wewe zile dakika kumi akitazama. Atajifunza kuchunguza mnyama, kazi ambayo hata vijana wengine tunaowapokea kwenye ugani bado inawasumbua. Kama kati ya wazima watakaobaki yupo wa bluu, heri. Asipokuwepo, wa kijani anatosha kabisa. Ndiyo rangi aliyozaliwa nayo huko kwao Australia.

Mwenye swali aandike hapo chini, ataje umri wa ndege, chakula anachokula na kama kuna kuku nyumbani, ili nijibu kwa uhakika. Ufugaji mwema.